Geji ya Gari Namba Saba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika yadi ya mradi mjini Kitale, Absalom alikuwa ameshaandika tarehe, namba ya gari na jina la njia, na sasa alikuwa akingoja sindano ipande. Alikaa ndani ya gari namba saba, injini ikiunguruma, kalamu ya bluu imechomekwa nyuma ya sikio, macho kwenye geji mpya iliyobandikwa juu ya redio. Sindano ilijiinua polepole kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Arobaini. Hamsini. Kando yake, kwenye dashibodi ya kawaida, sindano ya zamani ya maji ya injini nayo ilikuwa ikipanda. Zote mbili zilifika katikati pamoja na kutulia pamoja. Absalom alipenda sana kuziona zikifuatana hivyo. Aliona ni dalili ya gari lenye afya. Akaandika themanini na tano, akatia sahihi.

Geji hiyo ilikuwa ya kupima joto la mafuta ya transfa. Transfa ni lile boksi la pili la gia, liko chini ya viti vya mbele, na ndilo linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Bila transfa, gari la kupanda Mlima Elgon wakati wa mvua ni kitanda cha chuma tu. Mafuta yake yakichemka kupita kiasi hayatelezeshi tena, meno ya gia yanasagana, na siku moja yote yanakwama kwa mpigo. Madereva wote kumi na wawili wa mradi wa kliniki za milimani walijua hilo hata kabla ya kuletewa geji.

Zamani walipima kwa mkono. Mzee Kibiwott, aliyemfundisha Absalom kazi na ambaye sasa amestaafu na analima mahindi yake kule kijijini Kwanza, alikuwa na njia yake. Ukimaliza mlima mrefu unasimama, unatandika gunia chini ya gari, unalala chali, unabandika kiganja kwenye transfa na kuanza kusali Baba Yetu, kwa mwendo wa kanisani, bila kukimbiza. Ukifika kwenye mkate na kiganja chako bado kipo, endelea na safari. Ukishindwa kabla ya mkate, pumzisha gari. Ukishindwa kwenye mstari wa kwanza, usiende popote, ita fundi. Madereva Wakatoliki na wa kanisa la Quaker walibishana miaka nenda rudi kama mwendo wa makanisa yao ni sawa, lakini hakuna aliyewahi kuunguza transfa.

Kisha geji zikaja. Zilizinduliwa pale Bungoma kwa hema, keki na wageni wenye kofia, na baada ya wiki moja ukaja waraka. Dereva hataingia chini ya gari tena; atasoma geji kila saa na kuandika. Mafuta ya transfa nayo hayatabadilishwa tena kila baada ya kilomita kadhaa, maana huko ni kupoteza. Yatabadilishwa geji ikivuka mia moja na ishirini. Haikuvuka. Mwezi wa kumi na moja sasa, si namba saba wala gari lingine lolote lililowahi kufika hata tisini na tano.

Absalom alijaza karatasi zake kwa mwandiko wa kusifiwa, kwa sababu Ijumaa hii ilikuwa Ijumaa ya barua za ajira. Alikuwa ameendesha magari ya mradi miaka kumi kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila miezi mitatu alilala vibaya. Sasa nafasi mbili za kudumu zilikuwa zimetangazwa, na Injinia Matthew, afisa wa magari, alikuwa amemwambia waziwazi: rekodi safi, hakuna onyo, nafasi moja ni yako. Nabwile, mkewe, hakuweza kujizuia. Alishawaambia akina mama wa kanisa kule Myanga, na akina mama wa kanisa wakishajua jambo, limekwisha kuwa.

"Umeamkaje, dere?" Ni Linah, muuguzi wa chanjo, aliyekuwa akipakia masanduku mawili ya baridi nyuma ya gari.

"Salama, sista. Leo ni wapi?"

"Juu ya Sirisia, ile dispensari ya mwisho. Watoto sitini na mbili wananingoja. Twende mapema, mvua ikipiga ile mlima hatufiki."

Wakaondoka. Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, kila saa inapofika Absalom akipunguza mwendo na kuandika bila kusimama, karatasi ikiwa juu ya usukani. Themanini na nne. Themanini na tano. Chwele walikuta siku ya soko na wakapita katikati ya mbuzi na ndizi kwa mwendo wa maziko. Walipoipita Sirisia, lami ikawaaga, na Absalom akasimamisha gari, akashusha gia ya fowili, ile ya magurudumu yote manne, kwa ajili ya tope jekundu lililokuwa mbele yao. Gari liliguna, likashika njia, likaanza kupanda.

Walikuwa wamepanda robo saa hivi Linah aliponusa hewa.

"Dere, kuna kitu inanuka."

"Inanuka aje?"

"Kama nywele ikishikwa na pasi."

Absalom naye alikuwa ameisikia harufu, tena kabla yake. Pua yake ilikuwa inamwambia jambo moja na geji inamwambia jingine. Akaitazama geji. Themanini na tano. Akaitazama tena, kama mtu anayehesabu chenji mara ya pili. Themanini na tano ileile, imetulia.

"Geji iko sawa, sista. Pengine ni mtu anachoma takataka huko shambani."

Gunia la Mzee Kibiwott bado lilikuwa nyuma ya kiti chake. Hakuwahi kupata moyo wa kulitupa. Mguu wake ulikwenda kwenye breki wenyewe. Dakika tatu tu zingetosha: kusimama, kulala, kusali, kuamka. Lakini mwezi uliopita dereva mmoja alipigwa picha akiwa chini ya gari, na barua ya onyo ilimfikia kabla hajafika nyumbani. Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Absalom akautoa mguu kwenye breki, akaendelea kupanda, na kwa jambo hilo hakujisamehe baadaye.

Kishindo kilitoka chini ya viti. Kilikuwa kishindo kimoja kizito, na Linah alirushwa mbele hadi mkanda ukambana kifua. Magurudumu yote manne yakakwama kwa pamoja. Gari likaacha kuwa gari. Likawa jiwe juu ya utelezi, likaanza kurudi nyuma lenyewe, mkia ukizunguka kuelekea ukingoni. Absalom alikanyaga breki na haikuwa na maana, akazungusha usukani na haukuwa na maana. Kwenye kioo cha pembeni aliona mwanamke mwenye mzigo wa kuni akiutupa mzigo na kuruka mtaroni. Nyuma ya mwanamke hakukuwa na kitu, ni hewa tu, na chini kabisa mto.

Gari liliishia kwenye kisiki cha mti. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa nje ya barabara, likining'inia.

Linah alitoka kwa upande wa dereva akiwa amekamata mikono ya Absalom yote miwili, akakaa kwenye tope bila kujali sare yake nyeupe. Mwanamke wa kuni ndiye aliyewapigia mayowe majirani.

"Mko wazima? Mko wazima kweli? Bana, mimi nirishawazika!"

"Tuko," alisema Absalom. Sauti yake ilimjia kutoka mbali.

Alichukua gunia. Sasa hakujali waraka. Vijana wa pale waliweka mawe chini ya magurudumu na kulifunga gari kwa kamba kwenye mti, naye akaingia chini kwa upande wa barabara. Hakuthubutu kugusa. Alitema mate tu kwenye transfa, na mate hayakufika. Yaliruka na kulia kama mafuta ya mandazi yakidondokewa na maji. Rangi ya chuma ilikuwa imegeuka samawati. Boksi lilikuwa na ufa wa kuingiza kidole.

Alirudi ndani akawasha swichi bila kuwasha injini. Geji ya transfa ilisoma sabini. Pembeni yake, sindano ya maji ya injini nayo ilikuwa imeshuka, kiasi kilekile. Vijana walikuwa wamefungua boneti, upepo wa mlimani ulikuwa ukiipooza injini, na sindano zote mbili zilikuwa zikishuka pamoja kama mapacha, huku chini ya kiti chake chuma kikiendelea kutokota.

Alikumbuka asubuhi ile, na asubuhi zote za miezi kumi na moja: gari limesimama yadini, halijasogea hata hatua, na yeye anaandika themanini na tano. Transfa ya gari lililosimama inapataje joto? Gia ambazo hazijazunguka zinachemshwa na nini? Swali la mtoto wa darasa la nne, na yeye, dereva wa miaka kumi, hakuwahi kujiuliza.

Aliufuata waya wa geji kwa vidole. Ulipita nyuma ya redio, ukatoboa ukuta wa injini, na badala ya kushuka chini kwenye transfa ukapinda kulia na kwenda kuungwa, kwa utepe mweusi wa umeme, kwenye waya wa maji ya injini. Uliishia hapo. Kule chini, tundu la kuwekea sensa, kile kifaa kinachopima joto lenyewe, lilikuwa limezibwa na kizibo chake cha kiwandani, na juu ya kizibo kulikuwa na rangi ambayo haijawahi kuguswa na spana tangu gari lizaliwe.

"Nini, dere?" Linah alimuuliza. "Mbona umekuwa hivyo?"

"Sista, hii kitu haikuwa inapima."

"Leo imeharibika?"

"Haijawahi kupima. Hata siku moja."

Linah alimtazama, akatazama kule chini mtoni, akajifunika mdomo. Kisha, kwa kuwa watoto sitini na wawili hawakuwa na kosa, alisimama, akafunga masanduku yake ya chanjo kwenye pikipiki mbili na kuendelea kupanda, sare yake ikiwa na tope mgongo mzima.

Trekta lililivuta gari hadi Sirisia, bredauni likalifikisha Bungoma saa tisa alasiri, kwenye karakana ya mradi. Fundi aliyelipokea ni Nekoye, mwanamke wa maneno machache ambaye r na l kwake ni ndugu wa tumbo moja. Alifungua kizibo cha mafuta cha transfa na kungoja. Hakikutoka kitu. Alichokonoa kwa waya, likatoka donge jeusi lenye vipande vya chuma vinavyong'aa.

"Hii siyo mafuta," alisema. "Hii ni rami ya barabara."

"Nekoye, nani aliunga waya ya geji?"

Nekoye alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni mimi."

Absalom aliokota kipande kimoja cha chuma kwenye donge.

"Sensa hazikukuja," Nekoye akaendelea, macho yake kwenye donge. "Zirikuja geji peke yake, boksi kumi na mbiri. Na wageni wa kuzindua wanakuja kesho yake. Injinia akasema, unga kwa maji ya injini ndiyo sindano isongesonge mbere ya watu. Sensa zikifika tutabadirisha. Si uriziona wewe zikifika? Hata mimi sijaziona."

"Gari gani ziko hivi?"

"Zote."

"Zote kumi na mbili?"

"Absalom, nimesema zote."

Alikaa juu ya tairi kuukuu. Kumi na mbili. Kila asubuhi watu kumi na wawili walikuwa wakisoma joto la maji ya injini, wakiliandika kama joto la mafuta ya transfa, wakitia sahihi na kupanda mlima na wauguzi. Na kwa sababu ya namba hizo hizo, hakuna tone la mafuta lililobadilishwa tangu siku ya keki. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake jinsi ya kujaza karatasi. Walimchagua kwa sababu ya mwandiko.

Injinia Matthew alikuwa na ofisi ghorofani, hapohapo kwenye karakana, yenye dirisha linalotazama yadi. Juu ya meza kulikuwa na faili nene, na Absalom aliitambua kabla haijafunguliwa: ni karatasi zake.

"Keti, Absalom. Pole sana. Mungu ni mkubwa, hakuna aliyeumia." Injinia alisema hivyo kwa upole wa kweli, hakuwa mtu katili, na hilo ndilo lililomtisha Absalom zaidi. "Sasa tumalize hii kitu leo leo. Karatasi ya asubuhi uliijaza hadi saa ngapi?"

"Hadi saa tatu."

"Andika ya saa nne. Themanini na tano. Halafu hapa chini unaeleza kwamba uliingiza gia ya fowili gari likiwa kwa mwendo. Kosa dogo la dereva, linatokea. Nakupa onyo la mdomo, haliingii kwa faili. Barua ya Ijumaa inabaki yako."

"Injinia, mimi niliingiza gia gari ikiwa imesimama. Na ile geji haijaungwa kwa transfa."

"Nani amekuambia?"

"Nimefuata waya."

Injinia alivua miwani, akaisafisha kwa tai, akaivaa.

"Ukisema hivyo, mimi nitaulizwa swali moja tu. Nitaulizwa hizi karatasi zaidi ya mia mbili ni za nani. Zimeandikwa na nani? Zimesainiwa na nani?" Aliigeuza faili ielekee kwa Absalom. "Mkono wako, bwana. Kila saa. Kama geji haikuwa inapima, wewe ulikuwa unaandika nini? Ama ulikuwa unatunga?"

Absalom alitazama mwandiko wake. Ulikuwa mzuri kweli, herufi zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Themanini na tano, themanini na nne, themanini na tano. Mtu alikuwa amemfanya aseme uongo miezi kumi na moja, kwa mkono wake mwenyewe, kwa bidii, na sasa mtu huyohuyo alikuwa akimuuliza kwa nini alisema uongo. Alimfikiria Nabwile na akina mama wa Myanga. Aliifikiria Ijumaa. Kisha akaliona lile gurudumu likining'inia hewani, na mikono ya Linah ilivyomshika.

"Nipe kalamu," alisema.

Injinia alimpa, akapumua.

Absalom aliandika polepole, kwa mwandiko uleule, kwenye mstari wa saa nne: *Haijapimwa. Haikupimwa jana. Haijapimwa tangu tupewe geji. Waya umeungwa kwa maji ya injini katika magari yote kumi na mawili.* Akatia sahihi. Akatoa simu, akapiga picha ya karatasi, akaituma kwenye kundi la madereva kabla Injinia hajamaliza kuisoma kichwa chini.

"Unajua umefanya nini?" Injinia hakupaza sauti. "Umejifuta kazi. Usingoje hata Ijumaa."

"Najua."

Alishuka ngazi. Hakujiona shujaa hata kidogo. Alijiona mtu aliyeacha mlango wazi na mifugo yote ikatoka. Miaka kumi. Angemwambia nini Nabwile?

Yadini, gari namba nne ndiyo kwanza lilikuwa limeingia kutoka Cheptais. Kipkemei, dereva kijana aliyefundishwa kazi na Absalom mwenyewe, alikuwa ameegemea mlango akinywa soda. Ndani walikaa wauguzi wanne na mabegi yao, wakingoja kurudishwa mlimani kwa kliniki ya kesho.

"Niaje, mzee. Nimeskia namba seven imezima huko juu. Ati ilikuwa noma?"

"Umeona message yangu?"

"Bado, bando imeisha. Kwani ni nini?"

"Geji yako inasoma ngapi?"

Kipkemei aliingiza kichwa dirishani. "Eighty-five. Iko poa, bana. Hii gari ni mpya bado."

"Zima injini."

Absalom alitandika gunia chini ya gari namba nne, akalala, akamwashiria kijana alale kando yake. Kipkemei aliangalia juu kwenye dirisha la ofisi, akasita, kisha akaingia, akicheka kidogo kwa aibu.

"Weka kiganja hapo. Hapo kwa transfa. Halafu anza Baba Yetu."

"Hapa? Saa hii?"

"Anza. Usikimbize."

Kipkemei alifumba macho kama mtoto, akabandika kiganja, akafungua mdomo. Neno la kwanza halikuisha. Alitoa mkono kwa yowe, akaubana kwapani, akajigonga kichwa kwenye chesisi, na alipomgeukia Absalom uso wake ulikuwa umepoteza rangi yote.

Juu yao mlango wa gari ulifunguliwa. Viatu vya muuguzi vilikanyaga chini, kisha vingine, kisha vingine, hadi jozi nne zikawa zimesimama kwenye changarawe na mabegi kando yake.

"Nani huyo chini ya gari?" Sauti ya Injinia ilitoka dirishani, kali safari hii. "Waraka unasema nini kuhusu kuingia chini ya gari?"

Absalom hakutoka. Alibaki amelala chali, ameshika mkono wa Kipkemei uliokuwa umeanza kuvimba malengelenge.

"Waraka unasema nisome geji, na geji inasema themanini na tano, Injinia," alijibu kutoka huko chini. "Shuka uje uguse."